Kanisa Lililokaa kwenye Mabenchi ya Wenzake

Maneno haya yalisemwa mbele ya waumini wa parokia moja ya Presbiteri mjini Lubumbashi, baada ya ibada ya Jumapili, kabla wazee wa baraza hawajapiga kura juu ya jumba la zamani. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Jambo yenu, ba papa na ba mama. Na kwa wale ambao Kasai haijawatoka mdomoni, muoyo wenu. Mchungaji, wazee wa baraza, mashemasi, kwaya zote mbili, na ninyi vijana mliojibana pale mlangoni: nawashukuru kwa kubaki ilhali njaa imeshafika. Nimeambiwa niseme kwa kifupi. Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na mwalimu wa historia akiambiwa aseme kwa kifupi huanzia kwa Nuhu. Leo nitajizuia. Nitaanzia 1890.

Nitoe msimamo wangu mapema, asiwepo wa kusema nilimzungusha. Ramani ya hekalu jipya mmeiona, imebandikwa karibu na meza ya mhasibu. Ni nzuri, naiunga mkono, na mchango wangu nimeshauandikisha. Kinachonisumbua ni mstari mmoja mdogo kwenye ramani hiyo, pale lilipo jumba letu la zamani, unaosema kwa Kifaransa kwamba patavunjwa ili pawe maegesho ya magari. Wazee watapiga kura juu ya mstari huo. Kabla hawajapiga, naomba wasikie jumba lile limetoka wapi, na habari hiyo inaanza mbali sana na siku tofali lake la kwanza lilipolazwa.

Kwanza swali ambalo vijana huniuliza. Ukienda katikati ya mji unaliona kanisa kuu la Wakatoliki, la Petro na Paulo, limesimama na matofali yake mekundu tangu miaka ya 1920. Unaliona sinagogi la Wayahudi, nalo ni la enzi hizohizo. Wamethodisti wana nyumba zao za zamani. Mpresbiteri ukimuuliza, "Nyumba yenu ya zamani iko wapi?" hana pa kunyoosha kidole. Kijana mmoja aliniambia ni kwa sababu tulikuwa maskini. Mwingine akasema tulichelewa kuamka. Hakuna aliyepatia, na jibu lenyewe litatupitisha Luebo, kule Kasai, kwanza.

Kanisa letu lilizaliwa mtoni, mbali na shaba hii. Februari 1890 vijana wawili walipanda meli New York. Mmoja ni Samuel Lapsley, Mzungu, mtoto wa jaji wa Alabama. Wa pili ni William Henry Sheppard, Mweusi wa Virginia, aliyezaliwa Machi 1865, wiki chache kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika, akasoma Hampton na kisha chuo cha theolojia Tuscaloosa. Sheppard ndiye aliyeanza kuomba kutumwa Afrika. Aliomba, akaambiwa subiri. Kanisa la Presbiteri la Kusini halikutaka kumtuma mtu Mweusi peke yake, hata apatikane Mzungu wa kufuatana naye. Naomba tusiuruke ukurasa huo kwa sababu una aibu. Misheni iliyotuzaa ilikuja na ubaguzi ndani ya sanduku lake, na humohumo ndani ya sanduku ikaja na mtu ambaye ubaguzi huo haukuweza kumzuia.

Tarehe 18 Aprili 1891 walifika Luebo, mahali mto Luebo unapoingia Lulua, ambapo meli za mvuke zilikuwa zinafika mwisho. Waliopata kulala katika nyumba za miti, udongo na majani wanaweza kuyawaza majengo yetu ya kwanza bila kuonyeshwa picha. Mwaka haukutimia. Lapsley alishuka hadi kule chini ya mto kwa shughuli za misheni, homa ikampata, akafa karibu na Matadi tarehe 26 Machi 1892, akiwa na miaka 25. Aliyewekwa awe mlezi akatangulia, na yule aliyeambiwa hawezi kutumwa peke yake akabaki peke yake, akaendelea na kazi.

Mwaka huohuo wa 1892 Sheppard aliingia Mushenge, mji wa mfalme wa Wakuba, mji ambao mgeni hakuruhusiwa hata kuonyeshwa njia yake. Mfalme na wazee wake waliamua kwamba huyu ni mmoja wa wahenga wao amerudi. Sheppard alikataa heshima hiyo, lakini sidhani kama alikataa kwa sauti kubwa sana. Kilichomwacha mdomo wazi kilikuwa ule mji: barabara zilizofagiwa, nyumba zilizopangwa, kuta za mikeka iliyosukwa kwa nakshi. Shikeni picha hiyo ya nyumba za Wakuba, nitairudia baadaye kidogo.

Kuna mama mmoja ambaye siwezi kumpita. Maria Fearing alizaliwa utumwani Alabama mwaka 1838. Alipofika miaka 56 aliomba kwenda Kongo, wakubwa wa misheni wakamwambia umri umepita. Akauza nyumba yake, akalipa safari mwenyewe, akafika Luebo pamoja na Sheppard aliyekuwa amerudi na mkewe Lucy. Huko akafungua nyumba ya kulelea wasichana, wengi wao wakiwa wamekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watu. Nikiulizwa jengo la kwanza la Presbiteri katika nchi hii ninaloliheshimu, nitataja ile nyumba ya wasichana kabla ya kanisa lolote. Nyumba moja iliuzwa Alabama ili nyingine isimame Luebo. Mama zetu wa leo wanaouza vitenge ili tununue saruji hawakuanzisha desturi mpya.

Palikuwa pia na meli. Watoto wa shule za Jumapili kule Marekani walichanga senti zao, ikatengenezwa meli ya mvuke iliyopewa jina la Lapsley, ili misheni isitegemee meli za makampuni. Mwaka 1903 ilipinduka mtoni, watu zaidi ya 20 wakafa, karibu wote Wakongomani. Watoto wakachanga tena, ikaja ya pili. Mwaka 1904 Wakuba waliinuka dhidi ya dhuluma ya serikali ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na kituo chetu cha Ibanche kikateketezwa kwa moto pamoja na vingine. Kikajengwa tena. Kwa hiyo ndani ya miaka 15 ya kwanza Wapresbiteri wa Kasai walikuwa wameshazamishiwa meli na kuchomewa kituo. Anayesema kwamba kanisa letu lina mazoea ya kuanza upya hajakosea.

Sasa nirudi kwa zile nyumba.

Mwaka 1899 Sheppard alitumwa na wenzake kuchunguza habari za mauaji. Alifika kwenye kambi ya Wazappo Zap, askari waliokuwa wakikusanya kodi kwa niaba ya serikali, akakuta mikono ya watu imewekwa juu ya moto ikaushwe. Akaihesabu. Ilikuwa 81, yote ya kulia. Habari hiyo, kwa kalamu ya mwenzake William Morrison, ilizunguka dunia.

Lakini kilichompeleka mahakamani ni makala ndogo ya 1908, katika jarida dogo la misheni pale Luebo. Ndani yake hakuhesabu mikono. Alisimulia jinsi Wakuba walivyokuwa alipowaona mara ya kwanza, kisha akasema jinsi walivyo sasa, baada ya makampuni ya mpira kuingia. Mashamba yameota magugu. Mfalme ni kama mtumwa. Barabara hazifagiwi. Nyumba ni vyumba vimoja vilivyojengwa nusu, vimeachwa. Watu hawana muda wa kumaliza ukuta kwa sababu mchana na usiku wako msituni wakitafuta mpira kwa bei isiyotosha kula.

Compagnie du Kasai, kampuni ya mpira, ilimshtaki yeye na Morrison kwa kuichafulia jina. Kesi ilisikilizwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Septemba 1909. Aliyekuja kutoka Ubelgiji kuwatetea, bila kulipwa, alikuwa Émile Vandervelde, kiongozi wa Wasoshalisti, mtu ambaye wala si wa kanisani. Mwezi wa Oktoba Sheppard aliachiliwa.

Tazameni alichofanya mtu huyu. Alikuwa na ushahidi wa damu, na alikuwa ameshautoa. Mara hii alitumia ushahidi wa kuta. Nyumba isiyomalizika ilimwambia kwamba mwenye nyumba amenyang'anywa siku zake. Kampuni iliogopa sentensi kuhusu nyumba zilizojengwa nusu kiasi cha kwenda kutafuta hakimu. Mimi kwa ushahidi huo nasema kwamba Mpresbiteri wa Kongo ana deni la kuzitazama kuta kwa makini kuliko watu wengine.

Tuje kusini sasa. Wamisheni wa Kiprotestanti walikutana kwa mara ya kwanza kama baraza la nchi nzima Léopoldville mwaka 1902, na katika mikutano ya namna hiyo walizoea kugawana maeneo ili wasigombanie kijiji kimoja. Kasai ikawa ya Wapresbiteri. Katanga walikuwapo wamisheni wa Garenganze, tangu Frederick Arnot alipofika Bunkeya kwa Mfalme Msiri mwaka 1886, na baadaye upande huu wa kusini Wamethodisti wa John Springer. Neno likawa neno. Mpresbiteri hakufungua kituo Katanga. Basi hilo ndilo jibu la vijana wangu: hatukujenga Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa sababu tulikuwa tumeahidi kutojenga.

Reli kutoka Rodezia ilifika hapa 1910, mji ukaanza, mwaka uliofuata tanuru la shaba likawaka. Wafanyakazi wa kwanza wengi walitoka upande huohuo wa reli, Rodezia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo, na makarani wa Kinyasa walitafutwa sana kwa kuwa walikuwa wamesoma. Walisoma wapi? Wengi katika shule za misheni za Waskoti, Livingstonia na Blantyre. Na Waskoti hao ni kina nani? Wapresbiteri. Kwa hiyo tunapojisifu kwamba Upresbiteri uliletwa hapa na treni ya Kasai, tuwe na adabu kidogo. Ilikuwapo treni ya kusini kabla ya hiyo.

Na kwa kuwa mada ni majengo, nisimame Blantyre kidogo. Kule kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lililomalizika 1891, mwaka uleule wa Luebo. Lina mnara, kuba, matao, ungeweza kudhani limebebwa zima kutoka Ulaya. Aliyelichora na kulisimamia ni mchungaji, David Clement Scott, ambaye hakuwahi kusomea usanifu wa majengo. Waliolijenga ni watu wa palepale. Na matofali yake yalifinyangwa kwa udongo wa vichuguu. Mafundi wa hapa mnacheka kwa sababu mnajua ninakokwenda.

Udongo wa kawaida wa Lubumbashi haushikani vizuri. Mchwa ndio wanaotuchagulia udongo. Wanapandisha ulio laini kutoka chini, mdomo kwa mdomo, mpaka kichuguu kinafika mita 5, vingine mita 8, kama vile tunavyoviona, yaani tulivyozoea kuviona, kwenye barabara ya Kipushi na kwingineko pembezoni mwa mji. Fundi anakata kichuguu, analowanisha, anafinyanga kwenye kibao, anaanika, anapanga tanuru, anachoma kwa kuni za msitu wa miombo. Sehemu kubwa ya mji huu nje ya nyumba za kampuni imetoka ndani ya vichuguu. Jumba letu pia. Na kwa kuwa tulivunja nyumba za mchwa ili tupate matofali, wao sasa wanakula mbao za paa letu. Tusiwalaumu sana.

Treni ya Kasai, ile tunayoijua, ilikamilika 1928, reli ya kampuni ya BCK ilipounganisha Bukama na Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Wakati huohuo Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilikuwa inabadilisha utaratibu wake. Badala ya vijana wa mkataba mfupi waliokufa au kutoroka, ilitaka wafanyakazi wanaokuja na mke na watoto, wakae. Kasai ikawa shamba mojawapo la kuvuna watu hao. Baba zetu walishuka stesheni na masanduku ya mbao, na ndani ya sanduku, chini ya nguo, kadi ya ubatizo ya Luebo, ya Mutoto, ya Bibanga. Pamoja na kadi, kitabu cha nyimbo cha Kiluba cha Kasai, lugha ambayo Morrison alikuwa ameiandikia sarufi na kamusi mwaka 1906 kabla ya kufa Luebo 1918.

Jumapili ya kwanza walikwenda wapi? Hekalu la kwao halikuwapo na halingejengwa. Walikwenda kwa Wamethodisti, wakakaa kwenye mabenchi yao. Wamethodisti walifungua mlango, na hilo si jambo dogo, maana mgeni anayekuja na kitabu chake cha nyimbo ana namna ya kuimba kwa sauti kuliko mwenyeji.

Hata hivyo lipo deni la zamani ambalo jirani zetu Wamethodisti mjini hapa hulisikia kwa mshangao. Mwaka 1911 askofu wao wa Kusini mwa Marekani, Walter Lambuth, na John Wesley Gilbert, profesa Mweusi kutoka Georgia, walifika Luebo wakitafuta mahali pa kuanzisha kazi. Wapresbiteri waliwapokea, wakawapa wapagazi na viongozi wa njia, wakatembea kwa miguu hadi Wembo Nyama kwa Watetela. Kituo kilipofunguliwa 1914, Wakristo wa Luebo walikwenda pamoja nao kukianzisha. Kwa hiyo benchi tulilokalia Elisabethville, ukitazama chini yake vizuri, utakuta kipande cha mbao ya Luebo. Nalisema kwa utani, lakini deni lenyewe ni la kweli pande zote mbili.

Mambo ya baada ya hapo wengi mmeyaishi, nitayapitia haraka. Wakati wa uhuru misheni ilikabidhi kanisa kwa Wakongomani. Katanga ikajitenga Julai 1960, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba wakajazana kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji huu. Mwaka 1970 Waprotestanti wote wakawa chini ya Kanisa la Kristo, kila jumuiya na namba yake, na ile mipaka ya wamisheni ikazidi kulegea. Mtu akaweza kuwa Mpresbiteri mahali popote. Ndipo parokia kama hii zilipopata nafasi ya kuwa na lupango, yaani kiwanja chao, na ndipo wazazi wetu walipoacha mabenchi ya jirani kwa shukrani na kuanza kufinyanga matofali yao.

Sasa twende tulitazame jumba lenyewe kama Sheppard alivyozitazama nyumba za Wakuba.

Anzeni ukuta wa mashariki. Hadi usawa wa dirisha matofali ni makubwa, mekundu iva, yamelala sawasawa. Juu ya dirisha yanabadilika. Ni madogo, mengine yamepauka kwa kutoiva. Hapo fedha ziliisha. Kibao kingine, tanuru jingine, msimu mwingine wa kiangazi. Nenda ukuta wa nyuma, utaona mlango uliozibwa. Jumba lilitumika pia kama madarasa, na mlango ule ulikuwa wa watoto wadogo. Rangi nyeusi ya ubao bado inaonekana chini ya chokaa ukisogea karibu. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa, mwaka 1977 ikazirudisha kwa mkataba. Mlango uliozibwa na ukuta uliowahi kuwa ubao vinaieleza habari hiyo vizuri kuliko nilivyoieleza mimi darasani.

Kisha sakafu, kona ya kushoto. Yale madoa meusi ambayo kamati ya usafi imeshindwa kuyatoa ni ya mbabula, majiko ya makaa. Kuanzia 1992, ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, watu waliozaliwa kule, ambao Kasai waliisikia kwenye nyimbo tu. Maelfu walikaa kwenye stesheni wakingoja treni za SNCZ, shirika la reli la serikali, wengine wakafia palepale au njiani. Baadhi ya familia zililala ndani ya jumba hili, na kupika pia humo. Wapo hapa leo watu wazima waliolala kwenye kona ile wakiwa watoto. Sitawaomba wasimame. Naiomba tu kamati ya usafi iache kusugua.

Na lipo jambo la umbo lake. Ingieni muone mimbari ilipo. Iko katikati ya ukuta wa mbele, kwa sababu kwetu Neno ndilo linalokaa katikati. Meza ya Bwana iko chini, usawa wa watu, bila kizuizi, ili mtu aifikie kama anavyofika mezani nyumbani. Benchi la wazee liko pembeni likitazama waumini, kwa maana mchungaji wa Presbiteri hatawali peke yake, na wazee wanaomsaidia kutawala wanatakiwa kuona na kuonekana. Hakuna aliyesoma usanifu katika wale waliojenga, ila walijua kanisa lao linaongozwaje, wakaliandika kwa matofali. Kwenye ramani mpya naona jukwaa refu, taa za rangi, ngoma na vinanda katikati, mimbari ya kioo imesogezwa pembeni, na benchi la wazee silioni kabisa. Labda mchoraji alisahau. Kusema kweli jukwaa hilo linanitia hofu kuliko maegesho, ila leo sikualikwa kusema juu ya jukwaa.

Mhandisi wetu, kijana wa parokia hii ambaye tunamwonea fahari, ana hoja zake na ni za haki. Nyufa zipo juu ya madirisha mawili. Jumba halina mshipi wa zege unaofunga kuta kwa juu. Malata yamechoka, mbao zimeliwa, mvua za Januari zinaingia hadi kwenye mabenchi. Anasema kutengeneza ni kutupa fedha. Nimekaa naye na kumuuliza swali moja: msingi je? Akasema msingi ni mzima. Kuta je? Akasema zinabeba, isipokuwa pale penye nyufa. Basi kilichooza ni paa, na paa hubadilishwa. Mafundi wenye umri wangu waliopo hapa wanajua kwamba mshipi wa zege unaweza kumwagwa juu ya ukuta wa zamani ukiondoa safu mbili za juu. Kazi hiyo haizidi uwezo wetu, na inatuachia darasa la shule ya Jumapili ambalo ramani mpya, pamoja na uzuri wake, haikulipangia mahali.

Magari nayo? Nimetembea kando ya ukuta wa lupango na mtoto wa shemasi, tukipima. Yakiegeshwa kwa mshazari upande wa barabara, yanaenea karibu sawa na yale ya kwenye ramani. Na siku za arusi yatajaa barabarani vyovyote tutakavyofanya.

Wapo watakaoniuliza: si wewe umesema kanisa letu lilikaa miaka mingi bila nyumba na likaishi? Kweli. Liliishi kwenye nyumba za wengine, na kwa kadi zilizofichwa chini ya nguo. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ingetolewa na mtu asiyetaka kujenga chochote. Anayeitoa ili avunje nyumba ndogo na kujenga kubwa anaitumia kwa nusu tu.

Kwa hiyo maombi yangu kwa baraza ni haya. Kura ipigwe kwa mambo mawili mbalimbali, hekalu jipya peke yake na jumba la zamani peke yake, ili anayependa la kwanza asilazimike kuua la pili. Paa libadilishwe kiangazi kijacho, mshipi umwagwe, mlango wa watoto ufunguliwe tena. Na hata kura ikinishinda, na naweza kushindwa, nyundo isiinuliwe kabla jumba halijapimwa lote, kila ukuta kupigwa picha, na wazee waliofinyanga matofali yale kurekodiwa wakieleza kichuguu kilikuwa wapi na nani alikesha na tanuru. Vijana mna simu, kazi hiyo ni ya mchana mmoja kwa kila mzee. Msiwahoji wote pamoja, watabishana mpaka giza.

Jambo la mwisho halingoji kura. Katibu ana daftari jipya pale mezani. Kila familia yenye kadi ya ubatizo ya zamani, ya Luebo, Bibanga, Mutoto, Bulape au ya Wamethodisti wa hapa, yenye kitabu cha nyimbo, barua ya kuhamia au picha iliyopigwa mbele ya jumba, ijiandikishe leo. Msiache karatasi zenyewe kwa mtu yeyote, hata kwangu. Leteni Jumapili ijayo, katibu atazipiga picha mbele ya macho yenu na mtarudi nazo nyumbani.